Kutembea Kando ya Mto Si Anasa

Vijana wenzetu wa hapa Rwamwanja, na ninyi ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba mtusome mpaka mwisho ndipo mtujibu.

Kuna njia inayoshuka mtoni. Inapita kwenye mikalitusi, inakata katikati ya mahindi na migomba ya wenyeji, halafu inafuata mto kando ya mafunjo. Kila mtu anaijua. Mama zetu wanaipita na madumu kichwani, wadogo zetu wanaipita na mizigo ya kuni, na hakuna anayewauliza kitu. Lakini kijana akionekana pale mikono mitupu, anatembea tu, anaangalia ndege, basi maswali yanaanza. Unatafuta nini huku? Umetumwa na nani? Mahindi ya nani umeyapigia hesabu?

Yaani mkimbizi anaruhusiwa kutembea akiwa amebeba kama punda. Akishusha mzigo, tayari ni mwizi. Sisi hilo tunalikataa.

Tulipoomba kikundi chetu kiwe na matembezi kila Jumamosi, tulijibiwa eti hilo si hitaji la msingi, watu wana njaa. Njaa tunaijua, bwana! Msaada ulipopunguzwa, ulipungua kwenye sufuria zetu. Lakini hatukuomba hata shilingi. Hatukuomba fulana, soda wala posho ya usafiri. Tuliomba barua moja kwa wenyeviti wa vijiji ili tusifukuzwe. Barua inapunguza maharage ya nani?

Na hao wanaosema ni anasa, wikiendi wanakwenda wapi? Wanakwenda msitu wa Kibale, wanapiga picha kwenye maziwa ya volkano upande wa Fort Portal, Jumatatu wanarudi wamechangamka. Hatuwaonei wivu. Kichwa kikichoka kinahitaji kupumzika. Sasa kichwa cha mtu aliyekimbia vita Kivu, akazoea kuamka na kulala kwenye kiwanja kilekile miaka nenda rudi, chenyewe ni cha bati? Mnatuitia semina za msongo wa mawazo kwenye ukumbi wenye joto, mnatufundisha kuvuta pumzi. Pumzi iko pale mtoni, bure.

Karatasi nazo ziko upande wetu. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya mapumziko. Halikusema kila mtu isipokuwa mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatambua uhuru wetu wa kutembea nchini, kwa masharti ya sheria. Na kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka ukingo wa mto ulindwe, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Leo jembe linafika mpaka majini. Mvua ikinyesha, udongo unaporomoka, njia inakatika, na maji tunayochota yanakuwa matope. Anayeitetea njia hii anautetea na mto.

Wako wenzetu wanaotucheka: "Hayo mambo ya wazungu." Kweli? Babu zetu wa Masisi na Rutshuru walivuka milima kwa miguu kwenda kumsalimia shemeji tu, wakirudi wana habari za wiki nzima. Na hao wazungu wenyewe hawakupewa njia kama zawadi. Mwaka 1932, huko Uingereza, vijana wafanyakazi kutoka Manchester walipanda mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi. Baadhi yao walitiwa jela. Sheria ya kuwaruhusu watu kutembea kwenye milima na nyika kama hizo ilikuja kupitishwa mwaka 2000. Ninyi mnaotoka kule, mnatuelewa vizuri kuliko mnavyojifanya.

Wenyeji wenye mashamba tunawaheshimu. Mahindi yao ndiyo karo ya watoto wao, wana sababu ya kuogopa. Kwa hiyo masharti yetu ni haya: tunatembea mstari mmoja, hakuna kukata kona ndani ya shamba, hakuna hindi linaloguswa, hakuna chupa inayobaki njiani. Salamu kwa kila mzee tunayemkuta. Atakayevunja, hatatembea nasi tena.

Tunachotaka ni vitu vitatu. Barua iandikwe. Wenyeviti wa wenyeji na viongozi wetu wakae siku moja, waipite njia pamoja na kukubaliana mipaka yake. Na kila shirika lilete mfanyakazi mmoja atembee nasi Jumamosi moja, kwa miguu, gari aliache ofisini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Atakayeona bado ni anasa baada ya hapo, aje atuambie tukiwa tumekaa naye pale kando ya maji.