Uchambuzi: Kwa nini bingwa wa Sudan Kusini apatikane kwa mchujo

Jioni ya tarehe 25 Juni 2025, Simba na Yanga ziliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam zikitenganishwa na pointi moja. Yanga, yenye pointi 79, ilihitaji sare tu ili itwae ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Simba, yenye 78, haikuwa na njia ila kushinda. Yanga ikashinda mabao 2-0, na usiku ule hata shabiki wa Simba mwenye uchungu mkubwa alijua bingwa ni nani.

Mechi hiyo haikupangwa kuwa fainali. Ilipaswa kuchezwa tarehe 8 Machi, lakini ikaahirishwa baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo jioni ya kuamkia mchezo. Yanga nayo ikashikilia kwamba haitarudi uwanjani kwa mechi hiyo na kwamba pointi ni haki yake. Kwa zaidi ya miezi mitatu ubingwa ulibishaniwa katika barua na vikao, yaani katika kile ambacho wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki hukiita mezani. Zilipokubali hatimaye kucheza, dakika 90 zilimaliza kile ambacho barua zote hizo hazikuweza kukimaliza.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Juba, ambao wengi wao hufuatilia watani wa jadi wa Kariakoo kuliko klabu za mji wanamoishi, kisa hicho kinafungua swali lililo karibu zaidi na nyumbani. Sudan Kusini impateje bingwa wake?

Tanzania haina haja kubwa ya mchujo wa ubingwa. Timu zake 16 hukutana zote, nyumbani na ugenini, na kila moja hucheza mechi 30. Msimamo wa ligi wa namna hiyo unajitosheleza, kwa kuwa hakuna anayeweza kudai kwamba mpinzani wake alipita njia rahisi. Hali hubadilika pale ambapo timu haziwezi kukutana zote. Hapo msimamo mmoja wa haki haupo, na zinabaki njia mbili tu: watu wakae wamtaje bingwa, au timu zilizoongoza katika maeneo yao zikutanishwe zicheze.

Sudan Kusini iko katika hali hiyo ya pili. Ni nchi yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600,000, na katika miezi ya mvua njia nyingi hugeuka matope yasiyopitika. Barabara ndefu ya kwanza ya lami, ile ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule, ilikamilika mwaka 2012, nayo inaelekea Uganda, si Wau wala Malakal. Klabu ya Juba inayotaka kucheza Bentiu hutegemea ndege. Kwa sababu hiyo, kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata uhuru wa 2011, soka la nchi hii limeendeshwa kwa ligi za maeneo, kisha mabingwa wa maeneo hayo hukusanyika kushindania ubingwa wa taifa.

Wapo wanaouona mfumo huo kuwa ni ishara ya umaskini, kitu cha kuvumiliwa hadi siku ambayo nchi itapata ligi kamili kama za majirani. Mwandishi wa uchambuzi huu haafikiani nao. Nchi tajiri kuliko zote duniani imehangaika na tatizo lilelile kwa zaidi ya karne moja, na imefika hapohapo kwenye mchujo, tena kwa kuchelewa.

Huko Marekani, mchezo wa vyuo vikuu unaopendwa kuliko mingine ni ule wanaouita mpira wa miguu, ingawa mpira wenyewe una umbo la yai na aghalabu hubebwa mikononi. Anayetafsiri habari zake hana budi kueleza hilo kila mara. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja hucheza mechi 12 tu za kawaida kwa msimu. Kukutana vyote haiwezekani. Kwa miongo mingi bingwa alipatikana kwa kura za waandishi na makocha, na ilitokea wapiga kura wakatofautiana, mwaka mmoja ukawa na mabingwa wawili. Mwaka 1998 ukaja utaratibu wa kuchanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali. Msimu wa 2014 ukaanza mchujo wa timu nne, zinazoteuliwa na kamati.

Kamati hiyo ndiyo iliyoonyesha ubaya wa kuteua. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Florida State kilishinda mechi zake zote 13, pamoja na fainali ya kanda yake, na bado kikaachwa nje. Hoja ilikuwa kwamba mchezaji wake mkuu, Jordan Travis, alikuwa ameumia, hivyo timu haikuwa ileile tena. Nafasi ikapewa Alabama, iliyokuwa imepoteza mechi moja. Wiki chache baadaye Florida State, ikiwakosa wachezaji wake wengi waliokataa kucheza mechi isiyo na ubingwa ndani yake, ilichapwa na Georgia 63-3, na watetezi wa kamati wakasema: mnaona? Lakini kipigo hicho hakikuthibitisha lolote kuhusu mechi ambayo timu hiyo ilinyimwa.

Msimu uliofuata idadi ikapanda hadi timu 12. Ohio State, iliyopangwa nafasi ya nane, iliitoa Tennessee, kisha Oregon, kisha Texas, na tarehe 20 Januari 2025 ikaifunga Notre Dame 34-23 katika fainali. Chini ya utaratibu wa timu nne isingeingia kabisa.

Sasa turudi nyumbani. Tazama waliowahi kuiwakilisha Sudan Kusini katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Zalan, klabu ya Rumbek. Ilicheza na Yanga mechi zote mbili Dar es Salaam, ikafungwa 4-0 na 5-0. Mwaka 2024 ikaja El Merriekh ya Bentiu, mji ambao tangu 2021 umezingirwa na maji ya mafuriko. Iliifunga Gor Mahia ya Kenya mjini Juba kabla ya kutolewa katika marudiano. Je, kama wajuzi watano wangeketi hotelini Juba kumtaja mwakilishi wa taifa, nani kati yao angeitaja Bentiu?

Vivyo hivyo katika mpira wa kikapu. Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, timu ya taifa ya Sudan Kusini ilishindwa na Marekani kwa 101-100, na LeBron James ndiye aliyeiokoa nchi yake sekunde za mwisho. Kwa makadirio ya watabiri, mchezo ule ulipaswa kuisha kwa tofauti ya pointi zaidi ya 40. Tena vijana wale hawakwenda Olimpiki ya Paris kwa hisani ya mtu. Walikata tiketi kwa kumaliza juu ya timu zote za Afrika katika Kombe la Dunia la 2023.

Mchujo una ukatili wake, na si haki kuuficha. Khaman Maluach, kijana mzaliwa wa Rumbek aliyekuwa katika kikosi hicho cha London, alikwenda kuchezea Chuo Kikuu cha Duke. Mwezi Aprili 2025 Duke iliongoza nusu fainali ya vyuo kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, kisha ikaipoteza mbele ya Houston, 70-67. Msimu mzima wa ushindi ulizikwa na dakika chache. Na Ohio State iliyotawazwa ilikuwa imefungwa na Michigan nyumbani kwake. Anayesema kwamba mtoano humpa taji mwenye bahati siku hiyo hasemi uongo.

Hata hivyo, uzito wa hoja hiyo unapimwa kwa kile kitakachokuja badala yake. Ligi ya taifa ya nyumbani na ugenini, katika Sudan Kusini ya leo, ingekuwa ligi ya klabu zinazomudu nauli ya ndege. Rumbek na Bentiu zingeachwa nje bila kufungwa na yeyote, kama ilivyoachwa Florida State, na kwa sababu dhaifu zaidi.

Kinachohitaji kurekebishwa ni mchujo wenyewe. Fainali zinapochezwa Juba, klabu za Juba hulala vitandani mwao huku wageni wakihangaika na malazi na chakula. Makundi yangeweza kuchezwa Wau au mji mwingine wenye uwanja wa ndege, na Juba ikaachiwa hatua za mwisho. Hatua ya makundi, ambapo kila timu hupata mechi tatu au zaidi, hupunguza ule ukatili wa siku moja mbaya. Tarehe nazo zitangazwe kabla ligi za maeneo hazijaanza, na Chama cha Soka cha Sudan Kusini kilipie usafiri wa kila bingwa wa eneo kutoka mfuko mmoja. Klabu iliyoshinda ligi ya Aweil au Yambio ikikosa kufika kwa kukosa nauli, atakayetawazwa Juba atakuwa bingwa wa waliofika.