Ruzuku au Ujira?

Tunawausia ndugu zetu waishio Marekani ambao watoto wao wanaingia chuoni. Serikali kuu ya huko huvigawia vyuo mafungu mawili kwa ajili ya wanafunzi wahitaji: ruzuku isiyorudishwa, na ujira wa kazi za muda. Chuo kinaruhusiwa kuhamisha hadi asilimia 25 ya fungu moja kwenda jingine. Fedha haziongezeki, kinachojaza kibaba hiki kimepunguzwa katika kile. Kijana aliyetengewa ujira hapati kitu asipofanya kazi, na saa za kazi hupunguza saa za kudurusu. Basi jazeni fomu ya FAFSA mapema, kisha iulizeni ofisi ya misaada: ruzuku imebaki? Mafungu haya yana kikomo. Aliyechelewa huweza kustahiki na asipate.