Barua ya Saa Mbili Asubuhi

Barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa na sentensi tatu. Niliiandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya wauguzi katika wodi ya wazazi, saa mbili asubuhi, baada ya zamu ya usiku tuliyoianza wakunga wawili na nikaimaliza peke yangu, kwa kuwa mwenzangu alilazimika kumsindikiza mgonjwa wa rufaa katika gari la wagonjwa. Usiku huo mama mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nilikuwa nimekandamiza mfuko wake wa uzazi kwa mikono miwili wakati mama wa kitanda cha tatu alipojifungua bila mtu pembeni yake. Mama wa kwanza alipona. Mtoto wa mama wa pili hakupumua. Katika ripoti ya asubuhi niliulizwa swali moja tu: kwa nini patografu ya kitanda cha tatu haikujazwa tangu saa nane usiku. Sikujibu. Nilitoka, nikachukua karatasi, nikaandika.

Sentensi mbili za kwanza zilikuwa za kweli, na hata leo ningeziandika: kwamba wakunga wawili hawatoshi kuhudumia wodi ile usiku, na kwamba nilikwisha kulisema hilo mara kadhaa bila kujibiwa. Sentensi ya tatu iliiita hospitali ile machinjio. Nikaipeleka barua masijala, ikapigwa muhuri, na kabla ya saa nne nilikuwa nimejitoa katika kundi la WhatsApp la wauguzi kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Miaka kadhaa imepita, na sasa mimi ndiye ninayepokea barua za namna hiyo kutoka kwa wengine. Watu huniuliza kama mtu aliyeondoka hivyo anaweza kurudi kuzungumza na mwajiri wake, na wengi huwa wamekwisha kujijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Jibu langu ni kwamba anaweza, na mara nyingi inampasa, ila atengeneze kile alichokiharibu yeye. Aombe radhi kwa namna alivyoondoka. Asiombe radhi kwa sababu iliyomwondoa. Mambo haya mawili huchanganywa mno, na mimi mwenyewe niliyachanganya kwa muda wa wiki tatu.

Tuanze na mwili, maana ndimo barua hizi zinamoandikiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliopita kiasi, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa vema. Haukuhesabiwa kuwa ugonjwa, bali jambo linalohusu kazi. Una pande tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huna tija tena. Kwa mkunga, upande wa pili ndio unaotisha kuliko yote, kwa sababu huanza kumwita mama kwa namba ya kitanda chake. Naona bado nimefanya hivyo hapo juu.

Ongeza hapo kukesha. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba utendaji wa mtu aliyekaa macho saa 17 hushuka kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na kwamba akifikisha saa 24 hushuka kufikia takriban ule wa asilimia 0.10. Hakuna mwenyekiti wa kijiji mwenye busara atakayeshuhudia mauzo ya shamba ikiwa muuzaji amelewa hata kalamu inamponyoka. Lakini barua ya muuguzi aliyekesha hupigwa muhuri kabla ya chai.

Nililala siku mbili. Siku ya tatu ikaja hofu: kodi ya nyumba, ada ya mdogo wangu, kadi ya bima iliyokuwa ikitegemea ajira. Nikaanza kufanya yote ambayo leo nawakataza wengine. Nilimpigia metroni simu mara sita kwa siku moja. Nilimtumia ujumbe mrefu saa saba usiku. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa na malaria iliyonipanda kichwani. Kisha nikamtuma mjomba wangu, mwalimu mstaafu, aende nyumbani kwake aniombee. Kumtuma mzee ni desturi yetu nami siidharau, maana mzee huweza kufungua mlango ambao kijana angeukuta umekomewa. Lakini mjomba, kwa upole wake, aliomba msamaha kwa kila kitu, pamoja na yale mawili niliyoyasema kwa haki. Metroni akabaki na picha ya binti aliyepagawa, na habari ya wakunga wawili ikafunikwa pamoja na habari ya machinjio.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia, na watumishi wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inamtaka mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 28, akitaja sababu. Akikataa kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha mshahara wake wa muda huo kutoka katika stahili zake. Kwa upande mwingine, sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike, kuondoka kwa mwajiriwa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Anayedai hivyo hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, itambidi kwanza aombe kusikilizwa nje ya muda. Watumishi wa umma wana utaratibu wao tofauti. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: ukiandika barua ya pili yenye maneno "makosa yote ni yangu" ili kumlainisha mwajiri, umeufunga mwenyewe mlango ambao huenda ungeuhitaji, na wakati unasubiri simu yake, siku 30 zinahesabika.

Aliyenisaidia hakuwa mwanasheria. Alikuwa tabibu wa kituo cha afya nilichokiendea kwa ajili ya moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Alinipima presha, akanipima malaria (kipimo kikawa hasi, nikaona aibu), kisha badala ya kuniandikia vitamini akauliza, "Na kazini kuna nini, Sista?" Nililia kwa muda mrefu kuliko ulivyo muda wa kawaida wa kumwona mgonjwa mmoja. Aliponyamaza kidogo akaniuliza kama nimewahi kufikiri kwamba ni heri nife. Aliuliza waziwazi, bila kuzunguka. Wenzangu watoa huduma mara nyingi huliogopa swali hilo, wakidhani litamtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii; humpa ruhusa ya kusema.

Kwa hiyo wewe uliyeacha kazi mwezi huu, ambaye kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachi karibu kila siku, hupati ladha ya chochote, hulali au hutaki kuamka: nenda kituo cha afya kabla ya kwenda kwa mwajiri. Huenda ni sonona, nayo inatibika. Na kama wazo la kufa limekujia, nenda leo, usiende peke yako. Mazungumzo na mwajiri yanaweza kungoja, na ukiyafanya ukiwa katika hali hiyo utakubali masharti yoyote au utaandika barua nyingine kama ile ya kwanza.

Hapa kuna mtego kwa sisi tunaotibu. Mgonjwa wa aina hii huomba cheti cha mapumziko, ile tunayoiita ED, kikiwa kimerudishwa tarehe hadi siku aliyoandika barua, ili ionekane kwamba aliandika akiwa mgonjwa. Namhurumia, lakini tusimpe. Cheti cha uongo kikigundulika, kinaharibu hata ukweli uliokuwa ndani ya barua yake. Tunachoweza kumpa ni barua yenye tarehe ya leo, kwa ridhaa yake, inayosema alifika lini na ni mapumziko gani anahitaji. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe. Mwajiri hana haki ya kulijua kwa kuwa tu amekasirishwa.

Nilimwendea metroni baada ya wiki tatu, mchana, baada ya kuomba nafasi kwa ujumbe wa mstari mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kwa moyo.

"Metroni, nimekuja kuomba radhi kwa neno moja."

"Neno gani?"

"Machinjio."

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba amezalisha wanawake katika jengo lile kwa miaka 20, na kwamba neno lile alilisoma mbele ya katibu wa afya. Nilikuwa nimedhani nimeitukana menejimenti. Kumbe nilimtukana yeye, na mwenzangu aliyerudi na gari la wagonjwa akaoga na kuendelea na zamu. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana nikiwa mmoja wao. Nilimwambia pia kwamba habari ya malaria ilikuwa uongo.

"Na habari ya wakunga wawili?" akauliza.

"Hiyo siifuti, Metroni."

"Sikukuomba uifute," akasema.

Sikurudishiwa kazi. Nafasi yangu ilikuwa imekwisha kutangazwa, na mwajiri aliyekwisha kuipokea barua halazimiki kuirudisha. Nilipata cheti cha utumishi, ambacho kisheria ni haki ya kila anayeondoka, na nikapata pia barua ya metroni ya kunipendekeza kwingine, ambayo haikuwa haki yangu hata kidogo. Wodi ile iliongezewa mkunga wa tatu wa usiku mwaka uliofuata. Sijui kama barua yangu ilihusika, na sikuuliza.

Kwa wanaosimamia wodi na idara nina ombi moja, ambalo halihitaji bajeti. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa mwishoni mwa zamu isipelekwe masijala siku hiyo hiyo. Ipokeeni, mwelezeni mwandishi kwamba mmeipokea, mpeni tarehe ya kuzungumza baada ya kulala usiku mbili. Kisha someni kilichoandikwa humo kama mnavyosikiliza historia ya mgonjwa anayepiga kelele: kelele ni yake, lakini na maumivu yapo mahali fulani. Najua wapo wanaotumia barua kama vitisho ili wabembelezwe. Kwa uzoefu wangu ni wachache, na hao nao usiku mbili huwatosha.

Mwezi uliopita mkunga kijana aliniwekea karatasi mezani saa moja na nusu asubuhi, macho mekundu, hakutaka hata kukaa. Nilimwambia, "Nenda kalale, mwanangu. Uje Alhamisi saa nane." Niliiweka karatasi yake katika droo. Alhamisi alikuja, ameoga, amesuka nywele, akaniomba ile ya kwanza, akaichana, akanipa nyingine. Ilikuwa na sentensi nne, yenye taarifa ya siku 28 na sababu zake, zote za kweli. Niliipokea, nikaisaini, kisha tukakaa kupanga nani atashika zamu zake.