Watunga michezo, mji tumeshawapa



Nina dukuduku kuhusu michezo ya kuigiza ya televisheni.

Sipingi fumbo hata kidogo. Fumbo ndilo linalotufanya turudi kutazama. Huko Marekani, mwezi Machi 1980, tajiri J.R. Ewing wa mchezo wa "Dallas" alipigwa risasi na mpigaji hakuonyeshwa. Watu walisubiri hadi Novemba 21, na siku hiyo watazamaji wapatao milioni 83 nchini humo waliambiwa kuwa aliyempiga ni Kristin, shemeji yake. Walisubirishwa sana, lakini jibu walipewa.

Wapo watakaonikumbusha "Twin Peaks" wa mwaka 1990, ulioanza na maiti ya msichana Laura Palmer. David Lynch, mmoja wa watungaji wake, hakutaka muuaji atajwe. Wakubwa wa televisheni wakashinikiza, akatajwa Novemba mwaka huo huo, watazamaji wakazidi kupungua na 1991 mchezo ukakatizwa. Eti jibu ndilo lililouua! Mimi sikubali. Nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja isilaumu aliyeing'oa.

Kwani sisi vitendawili tulifundishwaje? Tukishindwa, mtegaji hudai mji. Tukimpa Tanga anaweza kuukataa, tukampa Mombasa. Lakini akishaupokea, lazima ateguе kitendawili chake. Akinyamaza, kesho nani atamwitikia "Tega"?

Mwaka jana mimi na mama watoto tulifuatilia mchezo mmoja wa hapa nchini (sitautaja) kwa miezi saba. Tulitaka kujua barua iliyofichwa chini ya godoro la marehemu imeandikwa nini. Kila wiki barua inatolewa, mlango unagongwa, barua inarudishwa. Hatimaye mchezo ukaisha, watu wakala pilau ya harusi, na barua haikusomwa. Mama watoto akaniuliza kama alipitiwa na usingizi. Nikamwambia hapana, hata mimi nilikuwa macho.

Hiyo miezi saba ndiyo mji tuliowapa. Ndugu watungaji, kabla hamjaificha barua chini ya godoro, iandikeni kwanza. Nina wasiwasi ile ilikuwa karatasi tupu.

Mtazamaji wa Siku Nyingi,
Morogoro.