Maulidi ya Cairo Yaachiwe Viwanja Vyake

Tangu mwaka 2015, ulipotangazwa mpango wa kujenga mji mkuu mpya jangwani, kiasi cha kilomita 45 mashariki ya Cairo, dola ya Misri imekuwa ikiondoka kidogo kidogo katika mji uliokuwa makao ya watawala kwa zaidi ya miaka elfu. Wizara zimekwisha kuhamia huko. Umejengwa msikiti mkubwa na kanisa kubwa, na mtaa mzima wa sanaa wenye jumba la opera na kumbi za maonyesho. Hata kabla ya wizara, yalikwisha kutangulia kwenda nje ya mji maonyesho ya vitabu, yale yaliyoanzishwa mwaka 1969 Cairo ilipokuwa ikiadhimisha miaka elfu tangu kuasisiwa kwake na Mafatimi. Mwaka 2019 yaliondolewa Nasr City yakapelekwa katika kumbi mpya huko New Cairo, mahali pasafi na penye nafasi, lakini pa mbali kwa mwanafunzi asiye na nauli. Sikusudii kuyalaumu hayo. Sisi wa Tanzania, tuliokata shauri la kuhamia Dodoma tangu mwaka 1973, hatuna hoja ya kumzuilia mtu mwingine asichague mahali pa kuweka serikali yake. Nitakalo kulisema ni kwamba kilichoifanya Cairo kuwa mji mkuu mbele ya macho ya mkulima wa Misri hakikuwa wizara wala opera, bali ni mausiku ya maulidi katika mitaa yake mikongwe, na kwamba wenye amri juu ya mitaa hiyo wana wajibu wa kuyahifadhi mausiku hayo mahali pale pale yalipo.

Wamisri hawaadhimishi maulidi ya Mtume peke yake, ambayo sisi wa pwani huyasoma katika mwezi wa Mfungo Sita. Huwaadhimisha pia watu wa nyumba yake, na mawalii waliozikwa katika nchi yao, kila mmoja kwa siku zake. Katika Cairo yaliyo makubwa kupita yote ni mawili. Ya kwanza ni ya Sayyidna Husein, mjukuu wa Mtume, ambayo kilele chake huwa Jumanne ya mwisho ya Mfungo Saba, mbele ya msikiti wake unaoelekeana na Al-Azhar, mahali wanapoitakidi waumini kuwa ndipo kilipohifadhiwa kichwa chake kitukufu baada ya kuletwa kutoka Asqalan mwaka 1153 kwa kuwahofia askari wa Msalaba. Ya pili ni ya dada yake, Sayyida Zainabu, Jumanne ya mwisho ya Rajabu, katika mtaa uitwao kwa jina lake. Siku kadha wa kadha kabla ya usiku mkuu huanza kuwasili watu wa Misri ya Juu na watu wa Delta, kwa treni na kwa magari ya mizigo, wamechukua magodoro, majiko, magunia ya mchele na watoto wachanga. Hutandika vichochoroni, uwanjani, na hata katika ngazi za nyumba za watu, na mtaa hauwakatai.

Kila tarika, na aghalabu kila jamaa waliotoka kijiji kimoja, huwa na mahali pao, hema au chumba kilichopangwa kwa siku zile tu, na mahali hapo huitwa khidma. Apitaye huitwa kwa kushikwa mkono: ingia, keti, unywe chai. Huwekewa mkate na mchuzi, na nyama ikiwapo, na kama haipo basi maharage. Haombwi senti, wala haulizwi ametoka wapi, kwa sababu kinachotolewa pale ni baraka, na kukikataa ni kumvunja moyo anayekitoa. Namwomba msomaji amtazame vizuri huyo mwenye hema. Ni mkulima wa Sohag au wa Qena, ambaye siku nyingine zote aingiapo Cairo huwa mgeni asiye na jaha, mwenye kukaripiwa na mabawabu na kuchekwa kwa kanzu yake na lafudhi yake ya kishamba. Lakini katika mausiku haya yeye ndiye mwenyeji, na mtu wa mjini mwenye cheo na elimu huvua viatu, akaketi juu ya mkeka wake, akala katika sahani yake, akamshukuru. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu matamasha ya miji mikuu ya dunia, yenye tikiti na majukwaa na wageni wa heshima katika safu ya mbele, na sijapata kujua hata moja linalompa fukara daraja hiyo ya kuwa mwenye kukirimu. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kupita yote katika maulidi ya Cairo, na mengine yote, taa na bembea na halua, yanalifuata nyuma.

Wala asidhani mtu kwamba elimu na sanaa hazina fungu katika ghasia hiyo. Mwimbaji wa kasida Yasin al-Tuhami, mtu wa Asyut, alipata umaarufu wake kwa kuwaimbia makabwela mashairi ya Ibn al-Farid, sufi aliyefariki Cairo mwaka 1235, na ambaye lugha yake ni nzito hata kwa waliohitimu vyuoni; nayo huimbwa hadi karibu na alfajiri, kwa nai na fidla na matari, huku wachukuzi na wauza mboga wakiyumba kwa dhikiri safu kwa safu, na beti ambazo wengine wangezifungulia kamusi zikiwaliza watu wasiojua kuandika. Naguib Mahfouz, aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1988, alizaliwa mtaa wa Gamaliya, hatua chache kutoka msikiti wa Husein. Mchezo wa vikaragosi unaopendwa kuliko yote katika Misri, uliotungwa na Salah Jahin na kutiwa muziki na Sayyid Makkawi mwaka 1960, umeitwa kwa jina la usiku mkuu wa maulidi, na watu wake ni wale wale wa uwanjani. Basi jumba la opera lina deni kwa uwanja, na mwenye kuujali ubora wa sanaa angepaswa kuwa wa kwanza kuutetea.

Ugomvi baina ya maulidi na wenye amri ni wa zamani. Mwaka 1881 Khedive Tawfiq alikomesha ada ya dosa, ambapo sheikh wa tarika ya Saadiya alikuwa akipita juu ya farasi, akiikanyaga migongo ya murid waliolala kifudifudi njiani. Na mimi nasema alifanya vyema, kwa kuwa mapenzi ya mawalii hayahitaji mbavu za watu. Wanavyuoni nao wamehitilafiana tangu kale, na hitilafu hiyo tunaijua vizuri huku kwetu, ambako hata kisomo cha Barzanji hupata wapinzani kila mwaka; atakaye hoja za upande unaoyakubali maulidi ya Mtume atazipata katika risala ya Jalaluddin al-Suyuti, aliyekuwa mtu wa Cairo hiyo hiyo na akafa mwaka 1505. Lakini kinachoyapunguza maulidi siku hizi si fatwa. Ni amri za usalama, na uzio, na ile rai ya kwamba mji wenye kutaka watalii haufai kuonekana na watu waliolala barabarani. Mwaka 2009 mikusanyiko ya Sayyida Zainabu ilizuiwa kwa hofu ya mafua ya nguruwe, na marufuku ya namna hiyo, ambayo kwa siku za maradhi ina sababu yake, huacha nyuma mazoea mabaya: afisa aliyeonja raha ya uwanja mtupu hutamani uwe mtupu daima.

Misikiti yenyewe imetengenezwa kwa uzuri mkubwa. Wa Husein ulifunguliwa upya mwaka 2022 na wa Sayyida Zainabu mwaka 2024, na katika ufunguzi wa yote miwili alihudhuria Sultani wa Mabohora, ambao jamaa zao tunaishi nao Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na ambao wameigharimia sana kazi hiyo. Marumaru na fedha zimeng'aa. Hata hivyo, aliyelijengea kaburi kuba jipya akamzuia anayelizuru asipate mahali pa kuinjika sufuria, huyo amelitengeneza jengo na kuivunja ada.

Nakiri kwamba katika msongamano ule mna madhara, na baya kupita yote ni wanawake kuguswa na kufanyiwa jeuri gizani. Hili ni dhulma iliyo wazi, wala halifichiki kwa kisingizio cha furaha ya wengi. Dawa yake inajulikana: taa za kutosha, askari wa kike, njia pana za kutokea, na mkosaji kushikwa pale pale na kupelekwa mahakamani. Anayeufunga uwanja kwa sababu hiyo humwadhibu mama aliyekuja na watoto wake kutoka Qena kwa kosa la mwanamume asiye na haya.

Cairo inayo sikukuu nyingine iwezayo kuwa hoja ya upande wangu. Shamm al-Nasim, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti, huwatoa nje Waislamu na Wakristo pamoja, na samaki wa chumvi na vitunguu na mayai ya rangi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kingo za Nile imeshikwa na vilabu na mikahawa ya kulipia, watu wengi hutandika shuka zao katika vijisehemu vya majani vilivyo kati ya barabara, magari yakiwapita kulia na kushoto. Furaha yao haijafa, lakini mahali pao pamekwisha kuuzwa.

Kwa hiyo naona inafaa ombi hili lipelekwe kwa watawala wa Cairo, na pia kwa madiwani wetu wenyewe, ambao maulidi ya Lamu aliyoyaasisi Habib Swaleh na sikukuu za Idi za Unguja zinawategemea. Katika ramani za mji, viwanja vya namna hii viandikwe kuwa ni vya watu, visikodishwe wala kuzungushiwa vyuma. Siku za sikukuu yaletwe maji, vyoo, matabibu na magari ya taka, kwa fedha ya mji, na tarehe zitangazwe mapema ili treni ziongezwe. Na wanaokuja na sufuria zao wasidaiwe leseni ya kugawa chakula.