Nyota "Baridi" na Chuma cha Mhunzi

Wapo wanaoshikilia kuwa istilahi ya kisayansi ikishatafsiriwa neno kwa neno, kazi imekwisha. Dai hilo halikubaliki, na mfano mmoja wa elimu ya falaki watosha kuonyesha udhaifu wake. Nyota Aldebaran, ambayo jina lake la Kiarabu lina maana ya mfuasi kwa kuwa huifuata Kilimia angani, huhesabiwa miongoni mwa zile ambazo tafsiri sisisi ingeziita "nyota jitu baridi". Baridi gani? Uso wake una joto la nyuzi 3,600 hivi za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538!

Wahunzi wa magharibi mwa Tanzania, ambao majembe yao yalipita Tabora katika karne ya 19 yakiwa bidhaa ya misafara na pengine fedha, wasingelikosea hapo. Walijua kuwa chuma chekundu kimezidiwa moto na chuma cheupe. Lakini hakuna mhunzi aliyekishika kile chekundu kwa mkono mtupu akidai kimepoa.

Kosa hili si la mapambo ya lugha. Nyota yenye wekundu wa namna hiyo haitazamiwi kutoa mionzi mingi ya urujuanimno. Hata hivyo setilaiti ya IUE, iliyofanya kazi tangu 1978 hadi 1996 nje ya angahewa inayoizuia mionzi hiyo, ilionyesha katika spektra za nyota hizo mistari ming'avu, hasa ya magnesiamu karibu na nanomita 280. Mistari hiyo hutoka katika kromosfia, yaani tabaka la gesi nyepesi lililo juu ya uso wa nyota, nalo lina joto kuushinda uso wenyewe. Ni kama kwamba hewa iliyo juu ya tanuri iwe na moto kuliko makaa. Kinachoipasha gesi hiyo, kama ni mawimbi yatokayo chini au nguvu za sumaku, bado kinajadiliwa na wataalamu. Mwanafunzi wa Tabora aliyekaririshwa neno "baridi" atastaajabia jambo lisilo la ajabu, yaani nyota kuwaka, na kulipita fumbo lenyewe bila kuliona.

"Urujuanimno" ni istilahi njema, kwani husema wazi kuwa ni mionzi iliyoupita urujuani. Kwa kipimo hicho, "nyota jitu za moto hafifu" yafaa kuliko "baridi", na "mstari mng'avu" kuliko "mstari wa utoaji", usiomwambia msomaji ni kitu gani kinachotolewa.