Ini Halijui Kama Umeokoka

Hapa Kenya ugonjwa wa ini una mshtakiwa mmoja tu: pombe. Mtu akianza kuwa na macho ya manjano, mtaa mzima ushatoa hukumu. Alikuwa analewa kisirisiri, wanasema, hata kama ni mama wa kanisa ambaye hajawahi kuonja busaa. Halafu mahakimu hao hao wakikutana na kijana aliyetoka kupandishwa cheo, shati linabana tumboni, wanampiga mgongoni: "Umekuwa mkubwa, bana. Pesa imekukubali."

Hiyo sifa ndiyo inaniudhi zaidi.

Tunadhani mafuta ya tumboni ni kama gunia la maharagwe stoo, limetulia, linangoja njaa. Hayatulii hivyo. Yale yanayozunguka matumbo yakizidi, seli zake hufura mpaka oksijeni haizitoshi, na nyingine hufa. Mwili ukiona maiti huita askari. Seli za kinga zinazoitwa makrofaji huja kuzizingira, na zikishafika hazirudi kambini. Hutoa kemikali za vita, mojawapo ikiitwa TNF-alfa, usiku na mchana, kwa miaka. Hiyo ndiyo inflamesheni: moto ule ule unaofurisha kidole ukijikata, ila huu ni wa chini kwa chini na hauumi. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa kwa wingi, na kwamba inavuruga kazi ya insulini. Miaka zaidi ya thelathini, na sisi bado tunaambiana kitambi ni afya!

Sasa angalia njia. Damu inayotoka matumboni hupitia kwanza kwenye ini, kwa mshipa mmoja mkubwa, kabla ya kufika moyoni. Ini ndilo jirani wa kwanza wa huo moto. Insulini ikishindwa kazi, mafuta humiminika humo. Ini nalo lina askari wake, na wakichokozwa wanaanza vita ndani ya nyumba. Kuna seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kutunza vitamini A. Hizo zinageuka mafundi wa kovu. Kovu juu ya kovu, ini linakuwa gumu: sirosisi, wakati mwingine saratani. Yote bila tone la chang'aa.

Mwaka 1980 Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa 20 wenye ini kama la mlevi ilhali hawakuwa walevi. Ugonjwa ukabandikwa jina lenye "usio wa pombe" ndani yake, na ni 2023 tu wataalamu walilibadilisha. Yaani kwa miaka zaidi ya arobaini mgonjwa alitambulishwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kuna atakayesema naaibisha wanene. Wapi! Aibu haijawahi kuzima inflamesheni ya mtu. Ukikaa kwa matatu saa tatu kila siku, ukishukia stage ambapo kila kibanda ni chipo na soda, huko kunenepa si dhambi yako binafsi. Na wapo wembamba wa mikono ambao mafuta yote yamejificha tumboni. Ninaowachukia ni wale wa mtandaoni wanaouza chupa za "kuosha ini". Ini ndilo linaloosha, jameni. Utaliosha na nini?

Kinachosaidia kinachosha na hakina tangazo: kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kama kilo sita hadi tisa, na inflamesheni ndani ya ini hushuka. Lakini lazima ujue mapema, na ini halipigi kelele. Ukiwa na kisukari aina ya pili, au kitambi wanachokusifia, muulize daktari kuhusu FIB-4. Ni hesabu tu ya umri wako na vipimo vitatu vya kawaida vya damu. Akikuuliza kwanza unakunywa kiasi gani, mwambie ukweli, halafu usitoke kwa hicho kiti mpaka aipige hiyo hesabu.